Picha Zisizo na Uso

Jumamosi, 6 Septemba

Simu imenigomea leo mbele ya wageni. Watu wa Shafik wametoka Koboko kuja kumposa mdogo wangu Kaltuma, wamekaa barazani kwetu wamenyooka kama wako mbele ya hakimu, mimi nimesimama na simu, nasema "haya, tabasamuni," nabonyeza, na simu inajibu: nafasi imejaa. Nafasi imejaa! Nikafuta picha mbili za mbuzi, nikapiga moja, ikajaa tena. Mzee mmoja wa upande wa Shafik akauliza kama aendelee kutabasamu au apumzike kwanza.

Basi nimeapa. Nina picha tangu nilipopata simu yangu ya kwanza, na ziko kila mahali: kwenye simu mbili zilizokufa, kwenye kadi za kumbukumbu nilizotia ndani ya kopo la mafuta ya nywele, kwenye kompyuta ya zamani, na huko Watsapu ambako sitaki hata kuangalia. Harusi ya Kaltuma ni mvua zikiisha, mwanzoni mwa Desemba. Kabla ya siku hiyo kila picha ya nyumba hii itakuwa na jina, mwaka na mahali pake. Nina hamu mpaka mwandiko unaruka mistari.

Jumapili, 7 Septemba

Nimefungua kopo. Kadi moja imeota kutu, mbili ni nzima. Alhamdulillahi.

Jumanne, 9 Septemba

Shangazi Medina, dada wa marehemu Baba, amepiga simu kutoka Koboko asubuhi wakati navaa viatu kwenda kazini. (Mimi ni karani katika ofisi moja pale Arua Hill, na bosi wangu hapendi hadithi za shangazi.) Nikaweka spika ili Mama naye asikie; Shangazi hakusalimia sana. Aliuliza tu, "Tabaga nani ataanza?"

Niliandike jambo hili vizuri, maana hata Kaltuma mwenyewe halijui sawasawa. Tabaga ni yale makawa bapa ya rangi ambayo wanawake wetu Wanubi husuka kufunikia chakula. Binti wa nyumba yetu akiolewa, chakula kinachopelekwa kwa bwana harusi hufunikwa kwa tabaga zetu zenye kitovu chetu, ile nyota ya katikati. Na tabaga husukwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo asiyejua kitovu hawezi hata kuanza. Aliyekijua alikuwa mmoja: Haboba, bibi yetu mzaa Baba. Alianza peke yake, mlango umefungwa. Kisha alishonea kitambaa juu ya kitovu kwa sababu ya jicho baya, ndipo akampa Mama amalizie kuzunguka. Kitambaa kilitolewa asubuhi ya harusi tu, na asubuhi ya harusi Mama alikuwa jikoni kwenye moshi. Haboba alifariki mwaka jana. Mama amesuka kingo za tabaga za kila binti aliyetoka hapa, lakini hajawahi kuanza hata moja.

Shangazi akasema kama kitovu hakitapatikana kabla ya mwisho wa Oktoba, atanunua tabaga sokoni.

"Za kununua?" Mama akauliza.

"Sasa tufanye nini? Wewe hapana jua. Si kosa yako, Mama Zubeiri. Wewe ni mutu ya Lobule."

 Ni kweli Mama alizaliwa Lobule, kwa wakulima Wakristo, akaitwa Driwaru, akasilimu alipoolewa na Baba. Hiyo ni miaka mingi mno ya kuendelea kuitwa mtu wa Lobule. Niliona anafuta meza ambayo haikuwa na kitu. Kama tabaga zitanunuliwa, atakaa kwenye harusi ya mwanawe wa mwisho kama mgeni aliyealikwa kula.

"Picha yote hiyo iko kwa simu yako," akaniambia. "Nitafutie kitovu moja tu. Nikiona, mkono yangu itajua."

Nikamwahidi. Nina maelfu ya picha! Kimo tu humo, ni kutafuta.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimewapigia mabinti watatu wa Shangazi Medina, wote waliolewa kutokea hapa nyumbani kwa Haboba. Wa Juba aliacha tabaga zake alipokimbia vita. Wa Bombo zake zimeliwa na panya, na panya wakaanza na kitovu, utadhani walitumwa. Wa Yumbe, mama mkwe wake aliziazimisha na hazikurudi. Nikawaambia basi wanichoree kwa kumbukumbu. Wa Juba akatuma nyota ya ncha sita. Wa Bombo akatuma ya ncha nane. Wa Yumbe akatuma kitu kama gurudumu la baiskeli. Kila mmoja anaapa kwa Mungu. Nimecheka mpaka nikakohoa, halafu nikaona Mama hacheki.

Jumamosi, 13 Septemba

Kaka yangu Zubeiri, mwenye kibanda cha kutengeneza simu Koboko, amekuja na diski ya nje ndogo, sawa na kipande cha sabuni. Na amezifufua simu zangu mbili! Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Somo lake lilikuwa fupi. "Nakala tatu. Moja kwa kompyuta, moja kwa diski, moja kwa wingu ya mtandao. Na diski hapana kaa hapa, itakaa kwangu Koboko. Radi ikichoma nyumba, picha iko."

Nikamuuliza wingu lenyewe liko wapi. Akasema haliko Arua, nisihangaike.

Shida ni simu ya kwanza. Betri yake ilikuwa ikichomoka, na kila ikichomoka tarehe inarudi nyuma. Kwa mujibu wa simu hiyo, Idi zote, harusi zote na matanga yote ya miaka mitano yalifanyika siku moja ya Januari. Kwa hiyo napanga kwa meno ya Kaltuma. Hana ya mbele, ni zamani. Yamekuwa makubwa kuliko uso, ni katikati. Anafunika mdomo akicheka, ni juzi juzi. Kazi tamu hii! Kaltuma ameninyang'anya kompyuta mara mbili ili afute mwaka mzima wa meno makubwa, na mara mbili nimemkimbiza.

Jumatano, 17 Septemba

Watu wetu wanapenda nyuso. Nimepitia harusi tatu nzima na nimegundua kwamba tabaga imo karibu kila picha, ila imefichwa kwa ustadi. Iko kichwani mwa mwanamke, nauona ukingo wake tu. Iko mezani, na juu yake kuna kiwiko cha mjomba. Iko mbele kabisa, safi, na katikati ya kitovu mtu ameweka soda.

Nimepata picha moja ya Baba akimlisha Mama keki. Nimeitia kwenye folda yake peke yake.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimesafisha! Zubeiri alisema mpangaji mzuri ni yule anayejua kutupa, na leo nimejigundua kuwa nina kipaji. Kanuni yangu ni moja: picha isiyo na uso wa mtu, itoke. Kidole changu, itoke. Ukuta, itoke. Mguu wa kiti, itoke. Waya za umeme, mamia ya waya, sijui hata kwa nini mtu anapiga picha waya, zitoke zote bila kufunguliwa. Nilikuwa nachagua safu nzima nafuta kwa mkupuo, huku naimba. Kaltuma alisema nina sura ya mtu anayepalilia shamba la jirani anayemchukia.

Kadi, simu za zamani na kompyuta nimeshazimwaga zote winguni zikabaki tupu, lakini diski bado sijaijaza. Nitaijaza nikimaliza, nisije nikahifadhi takataka. Na wasiwasi sina, kwa kuwa nakala nyingine iko kule kwenye wingu.

Jumanne, 23 Septemba

Mvua. Radi. Ofisini tumekaa gizani tukisimulia.

Jumamosi, 27 Septemba

Nyuso sasa zina majina yote. Kitovu hakuna.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mama ametia ukindu rangi. Sikumwambia afanye, na wala hakuniuliza nimefika wapi. Nimerudi kutoka sokoni nikakuta umening'inizwa chini ya paa la jikoni, nyekundu, zambarau, kijani na manjano, unatiririka maji ya rangi sakafuni. Nyasi za kuzungushia ameshazikata sawasawa na kuzifunga. Kila kitu kipo tayari isipokuwa mahali pa kuanzia.

Nikamuuliza kwa nini asianze tu, hata kwa kujaribu.

"Haboba yako alinikuta mara moja nimeshika mwanzo," akasema. "Nilikuwa na Zubeiri tumboni. Akanyang'anya, akafumua. Akasema: Driwaru, utaharibu."

"Na wewe?"

"Nikaacha. Ni mama ya bwana yangu."

Nilijua Haboba kama bibi wa peremende na hadithi. Sikuwahi kufikiri kwamba Mama alikuwa na Haboba wake mwingine.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru, Uganda yote hakuna kazi. Shangazi ametuma picha za tabaga alizoziona sokoni, anauliza kama achukue. Nikamwonyesha Mama. "Ni mzuri," akasema, akarudi jikoni. Nikamjibu Shangazi angoje. Nimeandika "ngoja" kwa herufi kubwa zote, kisha nikaogopa, nikaongeza "tafadhali Shangazi."

Ijumaa, 17 Oktoba

Lazima niandike taratibu, la sivyo nitaruka.

Radi ya Jumatano ilichoma soketi ya jikoni. Leo mchana amekuja Ivan, fundi wetu wa umeme, kijana wa Kilugbara ambaye amefunga taa kwenye kila sherehe ya nyumba hii. Anafanya kazi huku anaongea. Akaona ukindu unaning'inia, akauliza, Mama akamsimulia habari ya kitovu kama unavyomsimulia mtu asiyehusika.

Ivan akasema, "Lakini ile kitu mimi nimeona."

Mama akaweka kijiko chini.

"Asubuhi ya harusi, mimi niko juu ya nyumba nafunga taa. Bibi anatoa zile tabaga, anapanga chini kwa mkeka, zipate jua. Zinaangalia juu. Mimi naona yote, kama sahani. Harusi ya kwanza, ya pili, ya tatu, yote niko."

"Na hukupiga picha?" nikamrukia.

"Nilipiga! Napiga kila mara. Nikimaliza kufunga waya, napiga kutoka juu, natuma kwako, ndiyo useme kazi imeisha. Picha ya waya. Si wewe ndiyo unaniita kazi? Wewe hapana ona?"

 Asubuhi ya harusi! Nani mwingine angepiga picha asubuhi ya harusi? Hakuna aliyevaa, hakuna aliyejipaka wanja, kila mtu ana kanga kuukuu na majivu miguuni. Ukitoa simu saa hizo utapigwa mwiko. Mtu pekee aliyekuwa na sababu ya kupiga picha uani kwetu asubuhi ile alikuwa juu ya paa, na alichokuwa anapiga ni waya.

Na mimi nimefuta waya zote. Bila kuzifungua. Huku naimba.

Nikakimbilia kompyuta. Kwenye wingu je? Orodha ya majina ikafunguka polepole, nikatafuta, nikatafuta tena. Hakuna. Nikampigia Zubeiri, sauti yangu imepanda hadi kwa malaika.

"Ulifuta kwa simu?" akauliza.

"Nilifuta kwa simu! Lakini wingu lina nakala yake!"

"Dada, simu na wingu vimefungwa kamba moja. Ukifuta huku, inafutika na kule. Mimi nilisema nakala tatu. Diski je?"

Nikamwambia diski ni tupu. Akakata simu. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wangu alikuwa ameshakuja, amekaa mapajani.

Ivan naye? Simu yake ya wakati ule ilidumbukia kwenye pipa la maji, akanunua nyingine. Akasema hili kwa upole, kisha akarudi kwenye soketi, maana hakuna la kufanya na mwanamke anayelia mbele ya kompyuta.

Kisha Zubeiri akanipigia mwenyewe. "Sikiliza. Iko kapu ya taka. Ile kitu ukifuta inakaa huko mwezi moja, halafu kapu inajimwaga. Wewe ulifuta siku gani?"

Nikafungua daftari hili. Tarehe ishirini, Septemba. Leo ni kumi na saba, Oktoba.

"Basi bado," akasema. "Fungua sasa hivi."

Nikafungua. Mtandao unazunguka. Tangu radi ya Jumatano mtandao wa mtaa wetu unafunguka kwa maandishi tu, picha hapana. Nimetoka mpaka barabarani na kompyuta kichwani chini ya mwavuli. Unazunguka. Nimepanda juu ya ngazi ya Ivan. Unazunguka.

"Hapana gusa kitu tena," Zubeiri akasema. "Kuja Koboko. Hapa mtandao iko."

Mama amenifungia mihogo ya njiani. Hakunilaumu hata neno moja, na nilitamani anilaumu. Aliniambia tu, "Mtaka cha mvunguni si anainama? Enda ukainame."

Jumamosi, 18 Oktoba, Koboko

ZIPO!

Naandika kwenye kibanda cha Zubeiri, nimekalia kreti la soda, nje mvua inapiga mabati na watu wamejibanza mlangoni wakidhani ninafanya mtihani. Kapu halikuwa limejimwaga. Ndani yake kulikuwa na takataka zangu zote: vidole, kuta, miguu ya viti, na waya, waya, waya. Nilizifungua moja moja, sasa naziheshimu kama wazee. Picha ya taa juu ya mlango. Picha ya fundo la waya. Picha ya kidole cha Ivan kikionyesha fundo la waya. Halafu moja imepigwa kutoka juu ya paa, waya inakatiza mbingu, na chini yake, ua wetu, mkeka, na tabaga zimepangwa safu mbili zikiangalia juu. Nilipiga ukelele. Mteja mmoja akaangusha chaja.

Zubeiri akanizuia nisikuze picha kabla ya kuihifadhi. "Kwanza nakala. Halafu furaha." Tukazirudisha zote, tukaziweka kwenye kompyuta, kwenye diski, na kwenye wingu. Ndipo tukazikuza.

Wakati huo Shangazi Medina alikuwa ameshafika, maana kibanda kiko karibu na kwake na ukelele wangu una miguu. Akavaa miwani. Zubeiri akaziweka picha tatu za harusi tatu sambamba kwenye skrini, kwa mpangilio wa miaka.

Harusi ya binamu wa Juba: nyota ya ncha sita.

Harusi ya binamu wa Bombo: ncha nane.

Harusi ya binamu wa Yumbe: hakuna nyota kabisa. Ni gurudumu.

Tukatazamana. Wale niliowacheka, wote walikuwa sahihi.

"Hii si ya nyumba yetu," Shangazi akasema akiligusa gurudumu. "Mutu amedanganya kompyuta."

"Shangazi, huyu hapa ni Haboba, ameinama juu ya mkeka. Na huyu ni wewe, umebeba ndoo. Ni harusi ya binti yako."

Akaikuza mwenyewe kwa vidole viwili, kwa shida. Akaangalia mgongo wa mama yake kwa muda. Zubeiri, ambaye hajui kunyamaza, akasema, "Angalia tena. Hata kwa harusi moja, tabaga hapana fanana. Kwa ile ya Juba, tabaga ya tatu iko na ncha saba. Na hii, ncha moja imekwenda kwa jirani."

Ilikuwa kweli. Haboba alikuwa akianza na kuona itakavyokwenda. Pale ilipopinda aliifuata. Hakukuwa na kitovu cha nyumba yetu. Kulikuwa na mlango uliofungwa na mwanamke ndani yake anajaribu.

Shangazi akavua miwani, akaaga, akaenda zake na mvua bila mwavuli. Sikujua kama ana hasira au ana nini.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimerudi Arua. Njia nzima nilikuwa naogopa: Mama aliomba kitovu kimoja, na mimi namletea vitatu visivyofanana. Nilifikiri kumwonyesha cha ncha sita tu, kilicho kizuri, nivifiche vingine. Ningeweza. Kupanga picha ni kuchagua, na mimi ndiye ninayechagua. Lakini nikakumbuka jinsi alivyofuta ile meza tupu, nikasema hapana, huyu ameshafichwa vya kutosha.

Nikamwekea zote tatu.

Aliziangalia kama anayesoma. Akanyoosha kidole, akahesabu ncha kimya kimya, midomo inatembea. Akahesabu tena safu ya pili. Akafika kwenye ile ncha iliyokwenda kwa jirani.

"Hapa alikosea," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na hapa." Akazidi kukaribia. "Hapa pia. Aliona imepinda, akaongeza nyekundu kuficha."

Kisha akaanza kucheka. Mwanzo kidogo, halafu kwa mwili mzima, akashika meza, machozi yanatoka, Kaltuma akaja mbio akidhani kuna msiba. Na katikati ya kicheko sauti ikabadilika.

"Miaka yote hiyo," akasema. "Miaka yote ananiambia, Driwaru, utaharibu. Kumbe yeye mwenyewe anabahatisha! Mlango anafunga asionekane! Mimi nakaa nje na kingo, nasema mkono yangu ni ya shamba, hii kitu ni ya wenyewe. Nimekasirika, Shakirah. Angekuwa hai leo ningemwambia kwa uso."

Tukakaa naye. Akajifuta kwa ncha ya kanga, akaiangalia tena ile picha, mgongo wa Haboba ulioinama. "Masikini," akasema. "Hakuwa na wa kumsaidia." Kisha akainuka, akaenda jikoni, akateremsha ukindu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mama ameanza! Mlango wazi, redio inalia, jirani anapita anasalimu. Ncha tano. Nilimuuliza kwa nini tano. Akasema ndizo zilizokuja.

Jumatano, 22 Oktoba

Amefumua. Ameanza upya. Ncha tano tena, lakini sasa zimekaa.

Jumapili, 2 Novemba

Tabaga mbili zimekwisha. Nimepiga picha kutoka juu, nimesimama kwenye ngazi. Kuna folda mpya inaitwa Asubuhi. Ndani yake nimetia zile picha za Ivan na kila picha ambayo mtu ana majivu miguuni. Ndiyo folda nzuri kuliko zote, naapa. Kaltuma anasema akiolewa nisimtie humo, na nimemwambia ameshachelewa.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua kubwa. Mama anasuka, mimi naita majina ya watu kwenye picha, anasahihisha.

Jumatano, 12 Novemba

Shangazi Medina amekuja kutoka Koboko bila kutoa taarifa, na mfuko wa ukindu wa zambarau. Akasimama mlangoni akiziangalia tabaga. Nilijiandaa kumjibu.

"Wewe umeanza hii?" akamuuliza Mama.

"Mimi."

Akaigeuza, akaipitisha mkono. "Mimi ni binti yake wa kuzaa," akasema, "na mimi pia alinifukuza. Nilikuwa msichana. Nikasema basi, atanifunza nikikua." Akaketi chini, na magoti yake yale mabovu. "Nipe kingo. Hiyo naweza."

Mama akampa. Wamesuka mpaka magharibi, wakimsema Haboba kwa mapenzi na kwa ubaya, zamu kwa zamu. Nilikuwa nikimwona Shangazi kama askari wa nyumba hii. Kumbe naye alikuwa nje ya mlango uleule.

Jumamosi, 22 Novemba

Zubeiri ameichukua diski kuipeleka Koboko. Amenisifu! Halafu akaniuliza kama waya nimezifuta. Nimemtupia ndara.

Jumamosi, 29 Novemba

Harusi ni Jumamosi ijayo, na watu wa Shafik wametuma habari kwamba wageni wameongezeka. Sahani zimezidi tabaga kwa moja. Mama yuko na ukingo wa ile ya mwisho, vidole vimefungwa vitambaa kwa kuchomwa na sindano. Shangazi yuko na mwingine. Mimi nilikuwa kwenye ngazi natafuta mwanga mzuri wa kuwapiga picha.

"Shakirah, shuka," Mama akasema. "Weka simu."

Nikashuka. Akanipa fungu la nyasi na uzi mwekundu wa ukindu.

"Anza."

"Mimi? Mama, hii inakwenda Koboko. Itakaa mbele ya watu wote."

"Ndiyo. Anza."

Nilikaa kati yao. Nyasi zinateleza, ukindu unakata kidole, duara langu la kwanza lilitoka kama sikio. Nikabana, nikazungusha, nikatia kijani nikidhani ni ncha, ikawa nundu. Shangazi akaangalia pembeni ili asicheke. Nilipofika upana wa kifuniko cha kikombe nilikuwa na ncha nne na kitu cha tano ambacho sijui nikiiteje.

Nikamwonyesha Mama. "Nimeharibu," nikasema.

Akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga, akaitazama mbele na nyuma kama alivyozitazama zile picha. Akanirudishia mkononi.

"Endelea," akasema.